Je, raha ya ualimu ipo kweli? Jibu kwa mwalimu wa darasa la kwanza

Swali: "Shikamoo mkufunzi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Shinyanga vijijini, na huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Nafundisha darasa la kwanza, watoto 104 chumba kimoja. Walimu wa zamani wanatuambia kazi hii ina raha yake ya moyoni, kwamba hata mshahara ukiwa mdogo moyo unashiba. Mimi nafundisha, nafundisha, sioni. Jioni narudi nyumbani sauti imekauka na sijui nimefanya nini. Raha hiyo ipo kweli, au ni maneno ya kutuliwaza? Kama ipo, mbona mimi hainifikii? Na mwalimu mkuu anataka mwakani nihamie darasa la sita na la saba, anasema naiweza kazi. Nikubali?"

Marahaba, mwalimu.

Ipo. Niliipata nikiwa mwalimu wa darasa la kwanza kabla sijawa mkufunzi, nikaiona tena kwa wanachuo nilipokuwa nawatembelea kwenye BTP, yaani mazoezi yao ya kufundisha shuleni, na hata sasa nikiingia ofisi ya walimu saa ya uji naweza kumtambua mwalimu ambaye asubuhi hiyo imemfikia. Anaongea haraka, anataka kumsimulia mtu, chai yake inapoa mezani.

Lakini wengi wanaitafuta mahali isipokaa. Kinachomlipa mwalimu moyoni ni kumwona mtoto akijua leo jambo ambalo jana hakulijua, na kuwa na hakika kwamba mkono wako ulikuwepo. Mzazi akileta kuku mwisho wa mwaka, vizuri. Ukisifiwa mstarini, vizuri pia. Hivyo ni vya juu juu, na mwalimu anayeishi kwa kuvisubiri atakata tamaa mapema, kwa sababu watoto wa miaka sita hawashukuru, na wazazi wengi hawajui ulichofanya.

Nianze na darasa lako, maana katika shule nzima hakuna darasa lenye utajiri wa raha hii kama la kwanza, na inaniuma kuona ndilo linalokimbiwa. Kiswahili kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika irabu tano, akajua kuunganisha m na a akapata ma, k na u akapata ku, hahitaji tena kufundishwa neno moja moja. Anaweza kusoma maneno ambayo hukumfundisha kabisa: jina la duka, maandishi ya pakiti ya chumvi, fulana ya kampeni aliyovaa kaka yake. Watoto wanaoanza kusoma kwa Kiingereza hawana bahati hiyo. Wao wanakutana na maneno mengi yasiyofuata sauti za herufi, na safari yao huwa ndefu zaidi. Kwetu usomaji ukija unakuja kwa kishindo. Mtoto aliyekuwa anaukodolea ubao tangu Januari, ndani ya wiki chache anasoma kila kilicho mbele yake mpaka nyumbani wanamwambia anyamaze. Baadaye zinakuja silabi za mwambatano, mba na ndo na nywe, na ng' ya ng'ombe inayowatesa wengi, lakini mlima mkubwa anakuwa ameshaupanda.

Ndani ya wiki hizo kuna dakika moja ambayo nataka uijue. Mtoto anasoma: ka, la, mu. Anarudia haraka zaidi: kalamu. Halafu anasita na kukutazama, kwa sababu amesikia mdomo wake mwenyewe ukitamka kitu anachokifahamu. Mpaka hapo alikuwa anasoma sauti. Sasa amesoma neno. Uso unabadilika, na mwalimu aliyekaa jirani naye dakika ile hawezi kurudi nyumbani akasema hajui siku hiyo amefanya nini.

Kwenu huko kuna jambo la ziada. Watoto wako wengi wanakuja shule wakiwa na Kisukuma chao, asubuhi wanakuamkia "mwangaluka", na Kiswahili wanakikuta kwako. Mtoto wa namna hiyo anaweza kutamka "kalamu" sawasawa na uso usibadilike, kwa kuwa neno lenyewe hajalizoea. Usimwandike kwamba hajui kusoma. Kusoma amesoma, kinachosubiriwa ni maana. Mwekee kalamu mkononi. Waulize wenzake kwao kitu hicho kinaitwaje, nawe ukiseme mbele yao. Watakucheka namna unavyotamka, watakusahihisha, na huenda mtoto ambaye hajawahi kufungua mdomo darasani akaufungua siku hiyo ili akufundishe wewe. Nimewaona walimu wageni wakishinda mioyo ya darasa zima kwa njia hiyo, na wao wenyewe wakifurahi kuliko watoto.

Sasa, mbona hayo yote hayakufikii? Nitakuambia ninavyodhani, kwa kuwa nimekaa nyuma ya madarasa mengi kama lako. Ukiwa na watoto 104 unafundisha kwa kuitikisha. Unasema ma, wanasema ma! Unasema me, wanasema me! Sauti zinatikisa bati, mdhibiti ubora akipita dirishani anaona darasa liko hai. Lakini mle ndani wapo wanaosoma, wapo waliokariri wimbo wote bila kutazama ubao, na wapo wanaofuata midomo ya majirani. Wewe uliye mbele huwezi kuwatofautisha. Yule aliyesoma "kalamu" kwa mara ya kwanza aliisoma Jumanne, dawati la sita, kwa sauti ya chini, wakati wewe unafuta ubao. Malipo yako yalipita mbele ya macho yako, hukuyapokea.

Hili lilishachunguzwa. Dan Lortie, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliwahoji walimu wa Marekani na mwaka 1975 akachapisha aliyoyakuta. Alipotaka kujua ni nini kinachowaridhisha zaidi katika kazi, wengi mno hawakutaja mshahara, wala heshima, wala likizo. Walitaja nyakati ambazo walijua wamemfikia mwanafunzi na mwanafunzi ameelewa. Sehemu hiyo hunukuliwa sana. Sehemu ya pili hainukuliwi vya kutosha, na ndiyo inayokuhusu wewe: walimu hao hao walisumbuliwa na kutojua. Walikuwa wanafanya kazi miaka na miaka bila hakika kama walichopanda kimeota. Seremala akishapachika mlango anausukuma, unafunga, roho inatulia. Mwalimu hana mlango wa kusukuma. Matunda ya kazi yake yamo ndani ya kichwa cha mtu mwingine, yanakomaa polepole, na mwenye kichwa anaondoka kwenda darasa lingine.

Kwa hiyo, mwalimu, uchungu ulionao haukuanza na wewe, wala haumaanishi kwamba hukuumbwa kwa kazi hii. Ni sehemu ya ualimu wenyewe. Lakini unaweza kupunguzwa, na njia ninayoijua mimi ni kujitengenezea namna ya kuona.

Tafuta daftari la kawaida, la kaunta. Kila siku, wakati darasa linanakili au linachora, ita watoto watano tu mezani kwako, mmoja mmoja. Mpe kila mmoja silabi chache, maneno mawili, sentensi moja fupi. Usimsaidie haraka. Andika tarehe na alichoweza, kwa maneno yako: "Irabu zote. Anachanganya b na d." "Anasoma maneno ya silabi mbili, ya silabi tatu anabahatisha." "Leo kasoma sentensi." Haizidi dakika mbili kwa mtoto. Kwa watoto watano kila siku utalimaliza darasa lako kwa siku 21 za masomo, karibu mwezi mmoja, kisha unaanza upya. Mzunguko wa pili ndio utakaokushangaza, kwa sababu utafungua ukurasa wa mtoto, usome ulichoandika mwezi uliopita, na huku yuko mbele yako anafanya ambacho hakuwa akikiweza. Hapo una hakika, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Daftari hilo lisiende kwa mtu. Andalio la somo na azimio la kazi ni vya ofisi na lazima viwepo. Hili ni lako. Ukijua atalikagua Afisa Elimu Kata utaanza kuandika vya kupendeza, na faida yake itakwisha. Tunza pia karatasi moja ya kila mtoto ya mwezi Februari, ile yenye herufi zinazolala na kuangalia nyuma. Septemba muite mwenyewe, umwonyeshe ya Februari na ya leo pamoja. Watoto hawajui kwamba wamekua. Kumwona mtoto akigundua kuwa amejifunza ni raha nyingine, na kwangu mimi inazidi ile ya kwanza.

Kuna raha nyingine ambayo walimu wachache huizungumzia, labda kwa sababu haionekani kuwa ya moyoni. Ni raha ya kulielewa kosa. Mtoto wa darasa la pili au la tatu anapewa 32 kutoa 17, anaandika 25. Mwalimu aliyechoka anaweka alama ya kosa na kwenda kwa mwingine. Lakini itazame hiyo 25. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kwenye makumi ameona 3 na 1, akapata 2. Hakubahatisha hata kidogo. Ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu: ndogo inatoka kwenye kubwa. Ukiitambua kanuni hiyo unajua pa kugusa: mpe vijiti 32, mafungu matatu ya vijiti kumi kumi, na vijiti viwili pembeni, mwambie atoe 17, umwache ahangaike mpaka yeye mwenyewe afungue fungu moja. Kufika ndani ya fikra ya mtoto, ukakuta kuna mantiki ambayo hukuitarajia, ni furaha ya akili kabisa, na haimaliziki. Nimewajua walimu waliokaribia kustaafu ambao bado walikuja ofisini na daftari la mtoto mkononi wakisema, hebu oneni huyu alichofikiri.

Ndiyo maana naichukia fimbo darasani, mbali na mateso yake kwa mtoto. Mtoto anayeogopa anaficha asichokijua. Ananakili kwa jirani, anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, anajibu "ndiyo mwalimu" ukiuliza kama mmeelewa. Umempiga ili ajifunze, kumbe umejifungia mlango wa kumwona akijifunza. Darasa la hofu ni darasa ambalo mwalimu wake halipwi chochote.

Wapo watakaokuambia malipo ya mwalimu huja baadaye, watoto wakiwa wakubwa. Ni kweli huja wakati mwingine, na kuna mfano mmoja ninaoupenda. Mwandishi Albert Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, baba yake akafa vitani mwaka uliofuata, mama yake hakujua kusoma na alifanya kazi ya usafi kwenye nyumba za watu. Mwalimu wake wa shule ya msingi mjini Algiers, Louis Germain, alimpa masomo ya ziada bila malipo ili afanye mtihani wa kupata ufadhili wa sekondari, na mwaka 1924 akafaulu. Mwaka 1957 Camus akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwezi Novemba alimwandikia mwalimu wake kwamba habari ile ilipomfikia, baada ya mama yake, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa yeye.

Ilikuwa imepita miaka 33. Barua ya Camus inajulikana dunia nzima, lakini ninayoirudia mimi ni ile ambayo mzee Germain alimjibu mwaka 1959. Humo anamkumbuka mvulana yule alivyokuwa: jinsi furaha yake ya kuwa darasani ilivyokuwa ikionekana wazi, kiasi kwamba mwalimu hakushuku hata kidogo umaskini wa nyumbani kwao. Ukisoma jibu hilo unaona kwamba Germain hakukaa miaka 33 akidai. Alikuwa ameshalipwa siku zile zile, kwa kumtazama mtoto anavyopenda kuwa darasani. Nobel ilimkuta hadai kitu.

Hesabu zako usiziweke kwenye barua ya namna hiyo. Wengi wa watoto wako hawatakuandikia, na wengine hawatakukumbuka jina. Mtu mzima nadra kukumbuka nani alimfundisha ba be bi bo bu. Anahisi kama alizaliwa anajua. Hilo halipunguzi ulichofanya.

Nije kwenye mshahara, maana swali lako limeubeba. Umeuliza kama raha hii ni maneno ya kutuliwaza. Yenyewe si maneno, lakini ni kweli wapo wanaoitumia hivyo, na wanakosea. Kumwambia mwalimu anayedai malimbikizo yake, au aliyecheleweshwa daraja, kwamba ualimu ni wito na thawabu yake iko kwa Mungu, ni dhuluma iliyopakwa sukari. ILO na UNESCO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kazi na ya elimu, walipopitisha Pendekezo kuhusu hadhi ya walimu tarehe 5 Oktoba 1966, tarehe ambayo ndiyo leo Siku ya Walimu Duniani, waliandika wazi kwamba kati ya mambo yanayogusa hadhi ya mwalimu, mshahara upewe uzito wa pekee. Dai haki yako kwa mwajiri, shiriki kwenye chama chako, na usione aibu. Mtu anaweza kuipenda kazi yake na kuidai. Tena mwalimu anayelala njaa au anayeishi mbali na mwenzi wake miaka mitano kwa sababu uhamisho hautoki, macho ya kuona uso wa mtoto ukibadilika atayatoa wapi?

Na watoto 104 kwenye chumba kimoja nalo ni jambo la kudai. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tangu michango ya shule ilipoondolewa na watoto wakaongezeka kuanzia Januari 2016, jambo ambalo nalifurahia kwa dhati, madarasa ya chini yamebeba mzigo mzito kuliko yote. Darasa la namna hiyo humwibia mtoto nafasi ya kusomeshwa, na humwibia mwalimu malipo ya moyoni ambayo wanaompangia mzigo humwimbia kila siku.

Sehemu moja ya barua yako imenitia wasiwasi, ile ya kurudi nyumbani sauti imekauka. Uchovu wa jioni ni wa kila mwalimu, lakini kuna unaozidi huo. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulika miaka mingi na watu waliochakazwa na kazi za kuhudumia watu, alitaja dalili tatu: kuishiwa nguvu za ndani, kuanza kuwaona unaowahudumia kama mizigo tu, na kujihisi huna tija. Ya kwanza na ya tatu naziona kwenye maneno yako. Ya pili siioni, na nimefurahi, kwa sababu umewataja watoto wako bila neno baya hata moja. Lakini jichunguze. Siku utakapojisikia unawachukia, kwamba sauti zao tu zinakukera kabla hujaingia darasani, usiseme ni hasira ya kawaida. Zungumza na mwalimu unayemwamini, omba mapumziko, ikibidi omba kubadilishiwa majukumu. Na kama ukilitumia daftari hilo mwaka mzima, ukawaona watoto wako wakipanda, na bado moyo haukuamka, basi kuacha kazi hii si dhambi. Wapo watu wema ambao raha yao iko kwingine.

Kuhusu darasa la sita na la saba, ningekuwa wewe ningeomba kubaki. Najua kwa nini mwalimu mkuu anakutaka: shule inapimwa kwa matokeo ya darasa la saba, hivyo walimu wanaoiweza kazi wanapandishwa juu, na darasa la kwanza linaachiwa yeyote. Nadhani ni hesabu mbaya. Mtoto asiyejua kusoma huyo wa darasa la sita aliachwa njiani darasa la kwanza. Lakini usiende kubishana naye kwa hoja hiyo. Nenda na taarifa ya ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari lako: wangapi walisoma silabi mwezi wa kwanza ulipoanza kuandika, wangapi sasa wanasoma sentensi. Mwombe uwavushe watoto hawa hawa mpaka darasa la pili, wafanye upimaji wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wakiwa mikononi mwako. Mwaka wa pili na watoto wale wale utakupa mengi ambayo mwaka wa kwanza umeyaanza tu. Akikubali, ombi lako la pili liwe mikondo miwili, hata kama mmoja utaingia asubuhi na mwingine mchana kwa kukosa chumba, na mwalimu mwingine ashike mmoja. Akikataa ombi la kwanza, nenda darasa la sita na daftari lako, anza na kutoa na kugawanya, watoto watano kwa siku.